Siki Asubuhi, Papai Mchana

Wajukuu zangu wa kike wana masharti mengi ya kula kuliko mgonjwa wa hospitali. Mmoja hali wali. Mwingine hali chochote baada ya alasiri, mfungo ambao haukuandamiwa na mwezi. Wa tatu anakunywa maji ya kijani kila asubuhi huku amefumba macho. Ameyapata kwenye simu, na mwanamke wa kwenye simu amemuahidi kiuno. Wananiuliza, "Bibi, nyinyi enzi zenu mlikuwa mnakondaje?" Huwa nawajibu kwamba sisi hatukuwa tukikonda, tulikuwa tukikondeshwa, kisha nabadilisha mazungumzo. Leo sibadilishi.

Nimezaliwa Gando, Pemba, na nilikuwa mnene tangu utoto. Sisemi kwa kujisifu wala kwa kulalamika. Kwetu mtoto mnene alifinywa shavu na kuambiwa mashaallah, na msichana mnene alisifiwa mbele ya mama yake ili mama asikie. Nikitembea, wanawake walikuwa wakiniangalia kwa nyuma na kusema mume wangu hatalala njaa. Nilifika miaka kumi na saba bila ya kujua kuwa unene unaweza kuwa kosa. Hiyo ilikuwa miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, wanaume wakibishana vyama barazani, na sisi wanawake tukingoja msimu wa karafuu umalizike ili harusi zianze.

Aliyeniposa alikuwa mwalimu wa skuli, mtu wa Wete. Alikuwa amefiwa na mke mwaka mmoja nyuma. Mimi nilikuwa nimemuona mara mbili, zote kwa upenyo wa mlango, na nilipenda jinsi alivyovua viatu taratibu bila ya kuvitupa. Mama alipenda zaidi kuwa ni mwalimu. Baba alikuwa ameshafariki, nyuma yangu kulikuwa na wadogo zangu wawili wa kike, na posa hii ndiyo iliyokuwa itufungulie njia sote watatu. Mama hakunificha. Aliniambia, "Yako ikiharibika, na zao zishaharibika."

Nikawekwa ndani. Asiyejua desturi hii nimwambie kwa ufupi: mwali hatoki, hapigwi na jua, hasemi na watu ovyo, anasingwa kwa liwa, ule unga wa mti wa kunukia, na kufundishwa ya ndoa, mpaka siku ya kutolewa. Kwetu sisi kulikuwa na sharti moja zaidi. Mwali hajitazami kiooni. Kioo cha chumbani kilifunikwa kwa kanga siku niliyoingia, na dirisha likatiwa pazia zito. Nilikaa humo na bibi yangu, mzaa mama, ambaye alilala kwenye mkeka kando ya kitanda changu. Siku arubaini, na mimi sikuijua sura yangu ila kwa kauli za watu.

Siku ya tatu likaletwa sanduku. Sanduku la bwana harusi ndilo linalosema habari yake: kanga doti kadhaa, viatu, manukato, sabuni, na mara hii, juu ya vyote, gauni jeupe la harusi la mtindo wa kisasa, lenye vifungo kumi na viwili mgongoni, vidogo, vilivyovikwa kitambaa. Aliyelileta alikuwa shangazi wa bwana harusi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole. Nitamwita Shangazi tu, maana ndivyo nilivyomwita maisha yake yote.

Wakanivisha palepale. Mikono iliingia kwa shida. Mgongoni, mama alifunga vifungo vitatu vya juu akasimama. Vilivyobaki havikukaribia hata kuonana. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikaona haya kwa ajili ya mwili wangu.

Msomaji wa leo atasema, si gauni lingerudishwa kwa fundi? Halirudi. Kitu cha sanduku hakirudishwi wala hakitiwi mkasi mpaka siku saba za harusi zipite. Ukirudisha kimoja umerudisha posa, na ukikitia mkasi umesema mbele ya watu kuwa mume hakujua kupima. Wala mimi sikuweza kupimwa na fundi, maana mwali haonekani na fundi mwanamume. Hivyo bwana harusi hukisia kipimo, na kwa kawaida wanaume hukisia kikubwa, kisha nguo ikakunjwa ndani kwa sindano. Huyu wetu alikisia kidogo.

"Nguo haina kosa," alisema Shangazi, kwa ule upole wake. "Mtu ndo hupungua. Dawa n'nayo." Akatoa kwenye pochi karatasi iliyokunjwa mara nne, imeandikwa kwa penseli. Maneno yalitoka kwenye gazeti la wanawake wa Kizungu, na kijana mmoja wa nyumbani kwao aliyekuwa akisoma Unguja ndiye aliyeyatafsiri. Siki vijiko vitatu asubuhi katika maji ya moto. Papai bichi la kuchemsha mchana, bila chumvi. Magharibi maji ya ndimu, na baada ya hapo hakuna kitu. Siku ishirini na moja, na mwanamke yeyote atapungua apendavyo. Karatasi ilisema hivyo hasa, apendavyo. Hakuna aliyeuliza kama napenda.

Nilikubali. Tena nilikubali kwa moyo, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Niliwafikiria wadogo zangu, nikafikiria viatu vile vinavyovuliwa taratibu, nikaona wiki tatu za njaa si kitu.

Siku kumi za mwanzo dawa ilifanya kazi. Nasema kweli yake. Nilishinda nikienda chooni, nikaona vidole vimelegea ndani ya pete, na Shangazi aliporudi kutoka Wete vifungo sita vilifunga. Mama alifurahi mpaka akapiga kigelegele kwa sauti ya chini, kwa vile haifai kumpigia mwali vigelegele kabla ya siku. Shangazi akanishika bega. "Si nilikwambia?" akasema. Nikajiona shujaa.

Kisha ikasimama. Siku ya kumi na nne ya dawa, vifungo sita. Ya kumi na saba, saba, na cha saba kilifungwa kwa kunikaza mpaka nikaona nyota. Ya ishirini na moja, saba vilevile. Nilikuwa nakula kilekile kidogo, na mwili umegoma. Shangazi hakukasirika. Alisema kuna miili migumu, akalipunguza papai la mchana, siku moja nile na siku moja nisile, na siki akaiongeza.

Msimu ulikuwa umepamba moto, na nyumba nzima ilishinda mashambani wakichuma. Asubuhi nilisikia sauti zao zikienda, kisha hakuna sauti tena mpaka alasiri. Karafuu zilizoanikwa uwanjani ziliingiza harufu yake chini ya mlango, nzito, na kwa tumbo tupu harufu ile ilinilevya. Bibi alikuwa akisinzia. Nilikaa kitandani nikiangalia gauni.

Lilitundikwa kwenye msumari ukutani mbele yangu, maana hapakuwa na pengine. Chumba kile kilikuwa na giza hata mchana, na gauni ndicho kitu pekee cheupe. Upepo ukipita chini ya pazia lilijaa kidogo kifuani, likakaa hivyo, kisha likashuka. Mwanzo nilikuwa nikiligeuzia mgongo. Baadaye nikaona afadhali kuliangalia, maana nikiligeuzia mgongo nilihisi limekaribia. Nikaanza kusikia harufu kwenye kola yake, si karafuu wala si manukato yetu, harufu ya mtu aliyelala sana. Gauni lilikuwa jipya. Nilimwambia Bibi. Alilinusa akasema hasikii kitu, ila alilinusa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nywele zilikuwa zikibaki kwenye chanuo. Sauti yangu ikawa nyembamba, nikisema najisikia kama anasema mtu wa chumba cha pili. Siku moja mdogo wangu wa mwisho alitumwa aniletee maji akasimama mlangoni, akakataa kuingia. Mama alipomuuliza alisema, "Humo wamo wawili." Mama akamjibu, "Yumo na bibi yake." Mtoto akasema, "Bibi yupo jikoni." Mama alimpiga kofi, na maji akaniletea yeye mwenyewe.

Bado vifungo vilikuwa saba. Nikaanza kufikiri kuwa lile gauni lina mwenyewe. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nikifikiri hivi: kuna mwanamke ambaye nguo hii imemkaa sawasawa, na sitaivaa mimi mpaka niwe yeye. Nikajaribu kumuwaza, shingo yake, mabega yake, mikono itakavyokuwa ndani ya mikono hii myembamba. Nilikuwa na njaa sana, na najua sasa njaa huleta mawazo. Lakini wazo hili halikuwa la uongo kama nilivyotamani liwe.

Siku ya thelathini ya kuwekwa ndani akaja mama mkwe, au mavyaa kama tunavyosema sisi. Si kawaida mavyaa kuja kumuona mwali, ila huyu alikuwa mzee, macho yameshafunga yote mawili, na alisema hawezi kungoja siku ya harusi kwa kuwa hatamuona mkwewe hata siku hiyo, bora amguse mapema. Wakamleta wakimshika mkono. Shangazi alikuwa pamoja naye. Bibi yangu akampisha akae kitandani pembeni yangu.

"Shikamoo mama," nikasema.

Hakuitikia marahaba. Aligeuza kichwa kuelekea ile sauti yangu nyembamba, akaukamata mkono wangu. Akaupapasa kutoka kwenye kiganja mpaka kwenye kiko cha mkono, taratibu, akauzungusha vidole vyake. Kisha akaniita kwa jina ambalo silo langu.

Nililijua jina lile. Kila mtu chumbani alilijua. Lilikuwa la marehemu.

"U baridi vino mwanangu," alisema. "Hawajakufunika? Mkono ndo huno huno. Mie n'kiuosha kila siku, naujua. Umerudi kwani n'ni, nasi tushakuzika?" Alikuwa akisema kwa huruma, si kwa hofu, na mkono wangu hakuuachia.

Shangazi akamwambia kwa sauti kubwa, kama watu wanavyowafanyia vipofu, kuwa huyu ni bibi harusi mpya. Mavyaa akatikisa kichwa. "Huyo mpya mnene," akasema. "Nimeambiwa mnene, na nilifurahi. Huyu nimemuosha mie." Akaanza kulia, na wakamuinua wakamtoa. Nikabaki nimeunyoosha mkono ule ule mbele, sijui niuweke wapi.

Mama alitoka kuwasindikiza. Bibi alikuja akakaa pale alipokuwa amekaa mavyaa, akaushika mkono wangu na yeye, akaupapasa vilevile, kutoka kiganja mpaka kiko. Akasema, "Lahaula." Kisha akatoka akarudi na bakuli amelificha ndani ya kanga. Zilikuwa ndizi mbivu zilizopikwa kwa nazi. "Kula," akasema. "Polepole. Ukimwambia mamako n'takukana."

Nikala nikilia. Nilikula kila siku tangu hapo, adhuhuri, wengine wakiwa mashambani. Ndizi, muhogo, kipande cha samaki. Nilikuwa na hakika kuwa naivunja posa kwa meno yangu mwenyewe, na nilikula.

Sasa sikiliza kilichotokea. Siku ya thelathini na tatu Shangazi alikuja kunivisha. Nilisimama nimeuelekea ukuta, nikingoja aseme vimerudi vitano. Nikasikia vidole vyake vikishuka mgongoni. Saba. Nane. "Nane," akasema, "Alhamdulillahi." Siku ya thelathini na tano vilikuwa tisa, na havikukazwa. Ya thelathini na saba, kumi.

Sijawahi kuogopa vile tena katika maisha yangu, na nimeyaona mengi baada ya hapo. Mimi nilikuwa nakula. Nilihisi nguvu zikirudi miguuni, nilihisi mashavu yakijaa ulimi ukiyapapasa kwa ndani, na kila baada ya siku mbili gauni lilinipokea zaidi. Maana yake kwangu ilikuwa moja tu. Mwenye gauni amekubali. Anasogea anipishe, au anaingia humo na mimi, na itakapofika siku ya harusi vifungo vyote vitafunga na nitakayetoka mlangoni sitakuwa mimi. Nilitaka kuiondoa ile kanga kiooni nijitazame. Sikuthubutu. Niliogopa sharti, na niliogopa zaidi nitakachokiona.

Siku ya thelathini na nane, baada ya adhuhuri, nilikula nikalala. Usingizi wa shibe ni mzito, ila siku hiyo kitu kiliniamsha, mchakacho mdogo wa nguo. Nikafumbua macho. Ukutani msumari ulikuwa mtupu. Nikaangalia chini. Gauni lilikuwa kwenye mkeka limegeuzwa ndani nje, limekaa wima, na kichwa cheupe kimeinama juu yake.

Kichwa kilikuwa cha Bibi. Alikuwa amekaa karibu na ule upenyo wa mwanga chini ya pazia, sindano mkononi, mkasi mapajani. Alikuwa ameufumua mshono wa ubavuni kutoka kwapani mpaka kiunoni, na humo alikuwa akishonea kipande chembamba cha kitambaa kilekile cheupe, alichokikata kwenye pindo la chini. Upande wa pili alikuwa ameshaumaliza siku zilizopita, kidogo kidogo. Mishono yake ilikuwa midogo sana. Sijui aliionaje kwa macho yale.

Aliniona nimemuona. Hakuacha kushona. "Watu wote hutazama kiuno," akasema. "Hapana hata mmoja atakayetazama miguu." Kweli gauni lilikuwa limepungua kimo, na Shangazi kwa kuhesabu vifungo hakuwahi kuangalia chini.

Bibi yangu, ambaye hakuwahi kuvunja desturi hata ya kuingilia mlango kwa mguu gani, alikuwa amekitia mkasi kitu cha sanduku. Alinifanya niape kuwa sitamwambia mtu akiwa hai. Niliapa.

Siku ya arubaini vifungo vyote kumi na viwili vilifunga. Nilitolewa. Wanawake walisema sijawahi kupendeza vile. Shangazi alinizungusha mbele yao mara mbili, akawaambia kuhusu siki na papai, na wenye mabinti wakamsogelea wamsikilize vizuri. Nilinyamaza kama mwali anavyonyamaza.

Mume wangu alikuwa mtu mwema, kama nilivyokisia kutokana na viatu. Mwezi wa pili wa ndoa nilimuuliza ile nguo aliipimishaje. Alikuwa akisahihisha madaftari, hakuinua kichwa. "Nilimpelekea fundi gauni la marehemu awe na kigezo," akasema. "Mie n'najua wapi nguo za kike? Nilichukua lililokuwa limetundikwa nyuma ya mlango."

Nikamuuliza marehemu alikuwa akilivaa lini.

Sasa aliinua kichwa. Alifikiri. "Mwisho mwisho," akasema. "Alijishonea mwenyewe kitandani, nyingine zote zilikuwa zishamvuka kwa ukubwa." Nikaona anasikia alichokisema. Aliweka kalamu chini. Hakuna mwanamke mzima Pemba nzima ambaye gauni lile lingemkaa, kwa kuwa lilikuwa kipimo cha mtu aliyebakiwa na wiki chache. Mimi nilikunywa siki karibu siku thelathini nikikifukuzia kipimo hicho, na kama si Bibi ningekifikia. Nilimkasirikia mume wangu muda mrefu, bila ya haki. Shangazi nilimkasirikia zaidi, kwa kuwa yeye alikuwa na karatasi.

Bibi alifariki mwaka uliofuata. Kiapo changu kikaisha, lakini sikupata wa kumwambia, au sikumtafuta. Habari zilikuwa zikinifikia. Binti wa Mgogoni yumo ndani na amepewa karatasi. Binti mwingine ameanguka akisingwa. Kila mama aliyesita aliambiwa, muulize mke wa mwalimu, vifungo kumi na viwili. Nilikuwa nimeshanenepa kuliko nilivyokuwa, nina mimba ya kwanza, na hakuna aliyeona ajabu. Walisema ni mimba.

Siku moja asubuhi Shangazi akabisha hodi nyumbani kwangu Wete. Alikuwa na mama mmoja na binti yake, mnene kama nilivyokuwa mimi, anaona haya kama nilivyoona mimi. Binti hataki siki. Shangazi amemleta asikie kwangu.

"Mwambie," Shangazi akaniambia. "Ilikufaa haikukufaa?"

Nikaenda chumbani nikalitoa gauni sandukuni. Nikalikalisha mapajani mwa yule binti, nikaligeuza ndani nje, nikamuonesha kwa kidole vile vipande viwili kutoka kwapani mpaka kiunoni, na pindo lililokatwa. Nikasema bibi yangu ndiye aliyepunguza unene wangu, kwa sindano. Nikasema pia kipimo kile kilikuwa cha nani, na cha wakati gani. Nilisema yote bila ya kupumzika, maana ningepumzika nisingemaliza.

Shangazi hakubisha. Alikuwa akiupapasa ule mshono. Mama wa binti akamuuliza kwa adabu, "Bi mkubwa, marehemu aliumwa n'ni?"

"Hakuumwa," Shangazi akasema. "Alipungua tu." Akaendelea kuupapasa. "Naye alikuwa mnene. Karatasi ilipokuja nilimpa yeye mwanzo, na ilimfaa kuliko wote. Kila wiki tukimpima, tukifurahi. Akapungua, akapungua. Mtu hakujua lini kulikuwa kupungua na lini kulikuwa maradhi." Alisema hivyo kwa sauti yake ile ya upole, na nadhani hata yeye ndiyo kwanza anayasikia. Mkono wake ukasimama juu ya mshono.

Mama akamshika binti yake wakaaga. Tukabaki wawili. Nilikuwa nimengoja miaka miwili kumuona mwanamke huyu amekosa la kusema, na nilidhani nitafurahi.

"Mwanangu," akaniambia, "wadhani ni mie?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lilikuwa mdomoni. "Sijui, Shangazi," nikasema, na ilikuwa kweli. Watu walikuwa wakifa kwa homa, kwa kifua, kwa mengi yasiyo na jina.

Tangu siku hiyo hakumpa mtu siki. Lakini aliniuliza tena. Kila alipokuja Wete, akishakula na kunawa, alingoja tuwe peke yetu akaniuliza kwa maneno yaleyale, nami nikamjibu vilevile. Miaka mingi. Aliniuliza hata mwaka tuliomzika mavyaa, hata siku ya harusi ya mwanangu. Na yeye akaanza kupungua. Daktari hakuona ugonjwa. Alikuwa hali, basi.

Nilikwenda kumuuguza mwishoni. Nilikaa kitandani kwake na bakuli la uji, kijiko mkononi, naye amefumba mdomo ananiangalia. Akaniuliza. Nikamwambia si yeye, nimeshauliza kwa madaktari, nina hakika. Sikuwa nimeuliza mtu. Akaufungua mdomo, nikamlisha.